Mwalimu Hajachoka, Amechoshwa

Alhamisi moja jioni nilipokea barua kutoka kwa wakuu wa chuo ninakofundisha. Chuo chenyewe sitakitaja, kwani kilivyo ndivyo vilivyo vingi nchini, na nia yangu si kumwanika mtu. Barua ilisema kwamba wahadhiri wa kitivo chetu wamealikwa katika kongamano la siku tatu la ustawi wa wafanyakazi, Ijumaa hadi Jumapili, katika hoteli moja iliyo ufuoni mwa ziwa. Ratiba ilikuwa ya kuvutia: bafu la mvuke asubuhi, kukandwa mwili kwa mafuta adhuhuri, kuogelea alasiri, mafunzo ya kupumua jioni, na katikati ya hayo yote, mhadhara kuhusu jinsi ya kujikinga na msongo wa mawazo unaotokana na kazi. Mambo haya, ambayo hufanyika katika majumba yaitwayo spa, yamekuwa mtindo miongoni mwa waajiri wanaotaka kuonekana kwamba wanawajali watu wao.

Sitaki kuwa mnafiki. Nilikwenda, na nilifurahi. Mgongo wangu, ambao kwa zaidi ya miaka kumi na mitano umeinamia tasnifu na karatasi za mitihani, ulitulia mikononi mwa kijana mmoja mkandaji aliyeijua kazi yake barabara. Mwalimu wa kupumua alitufundisha kuvuta hewa taratibu na kuitoa taratibu zaidi, nami, kwa mazoea ya taaluma yangu, nikakumbuka kwamba Kiswahili kilikwisha kulijua somo hilo tangu kitambo: neno kupumzika limetokana na pumzi. Anayepumzika ni yule aliyerudishiwa pumzi zake. Jumapili jioni nilirejea kwangu nikiwa mwepesi kama unyoya.

Jumatatu asubuhi nilikuta karatasi za mitihani 412 zikinisubiri mezani. Nusu yake zilikuwa za kozi mbili za mwenzetu aliyeacha kazi mwaka uliotangulia, na ambaye nafasi yake haijajazwa hadi leo. Alama zilitakiwa katika muda wa siku kumi. Kufikia Jumatano shingo ilikuwa imekaza tena kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani. Kufikia Ijumaa nilimkaripia mwanafunzi aliyeniuliza swali la haki kabisa. Nikajiuliza: yale mafuta yalikwenda wapi?

Jibu sikulipata chuoni. Nililipata nyumbani Rongo, mwezi uliofuata, nilipokwenda kuwajulia hali wazee. Anayeufahamu mji huo anajua ulivyo na pilikapilika: barabara kuu ya Kisii na Migori inapita katikati, ile ya Homa Bay inachepuka hapo, na matrekta yanayokokota miwa kuelekea kiwandani Awendo hayana habari na mwenda kwa miguu. Jioni nilipitia kwa shemeji yangu, mke wa binamu, ambaye ni mwalimu wa sekondari msingi katika shule moja ya huko. Nilimkuta ameketi barazani, taa ya sola kando yake, rundo la madaftari mapajani. Alisomea Hisabati na Kemia. Anafundisha Hisabati, Sayansi Jumuishi, Kilimo, na hata Sanaa na Michezo, gredi ya saba, ya nane na ya tisa, kwa kuwa walimu wa sekondari msingi shuleni pao ni wawili tu.

"Pole, Japuonj," nilimwambia. Ndivyo tunavyomwita mwalimu kwa Kijaluo. "Naona umechoka."

"Sijachoka, Shemeji," alinijibu bila kuinua macho. "Nimechoshwa."

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Mimi niliyetunukiwa shahada ya uzamifu kwa kuchambua vitenzi nilikuwa nimesahihishwa na mwalimu wa Hisabati, tena kwa haki. Wasomaji wengi wa safu hii ni walimu na wanafunzi. Basi wataniwia radhi nikigeuza ukurasa huu kuwa ubao kwa dakika chache.

Kiswahili kina jozi nyingi za vitenzi vya aina hii: anguka na angusha, amka na amsha, waka na washa, choka na chosha. Katika kila jozi, kitenzi cha kwanza hueleza jambo linalompata mtu au kitu, bila kudokeza kwamba yuko aliyelisababisha. Cha pili humleta msababishaji jukwaani. Ukikitia kitenzi hicho cha pili katika kauli ya kutendwa, unapata angushwa, amshwa, washwa, choshwa. Na hapo hata kama msababishaji hakutajwa, kivuli chake kimo ndani ya sentensi. Asemaye taa imewaka anakupa habari za taa. Asemaye taa imewashwa amekuachia nafasi ya kuuliza: na nani?

Kila mzazi anaujua mchezo huu. Mtoto huja mbio kutoka jikoni na kusema, "Mama, kikombe kimevunjika," kana kwamba kikombe kilikata shauri chenyewe. Mama, ambaye hakusoma isimu popote, humuuliza mara moja, "Kimevunjwa na nani?" Swali hilo moja linatosha kuliondoa jambo katika uwanja wa bahati mbaya na kuliingiza katika uwanja wa wajibu.

Hili ndilo kosa la kongamano letu kule ziwani. Kwa siku tatu tuliambiwa kwamba tumechoka. Hakuna aliyetuambia kwamba tumechoshwa. Dawa ya kuchoka ni maji moto, mafuta na usingizi. Dawa ya kuchoshwa ni kumtafuta anayechosha na kile anachochoshea, na kukibadilisha. Waswahili husema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Uchovu huu nao umeundwa. Una maseremala wake.

Huenda msomaji akadhani kwamba haya ni maneno ya mtu wa vyama vya wafanyakazi aliyevaa joho la lugha. Basi na tuitazame historia ya dhana yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwandishi Mwingereza Graham Greene alichapisha riwaya iitwayo A Burnt-Out Case, ambayo mandhari yake ni kituo cha wagonjwa wa ukoma nchini Kongo. Jina hilo alilichukua katika lugha ya waganga wa ukoma: lilimaanisha mgonjwa ambaye maradhi yamekwisha kumla vidole na sasa hayaendelei tena kwa kuwa hayana zaidi cha kula. Ukoma umekoma, na mtu amebaki kama gofu lililoungua. Mwaka 1974 daktari wa nafsi Herbert Freudenberger, aliyekuwa akifanya kazi New York, alitumia sitiari hiyohiyo ya kuungua kueleza hali aliyoiona miongoni mwa wahudumu wa kliniki ya bure iliyowatibu waraibu wa dawa za kulevya. Walioungua hawakuwa wavivu. Walikuwa wale waliojitolea zaidi.

Tangu hapo elimu hiyo ilikua. Christina Maslach, profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitunga pamoja na Susan Jackson kipimo cha hali hiyo mwaka 1981, kipimo ambacho kingali kikitumika duniani kote. Mwaka 1997 yeye na Michael Leiter walichapisha kitabu walichoshikilia ndani yake kwamba chanzo hasa hakiko katika udhaifu wa mfanyakazi. Kiko mahali pa kazi. Walitaja mambo sita: mzigo wa kazi, uwezo wa mtu kujiamulia, malipo na shukrani, ushirika baina ya watu, haki, na kupatana kwa kazi na yale mtu anayoyathamini. Hesabu vidole, msomaji. Kati ya hayo sita, ni lipi linaloponywa kwa mvuke?

Shirika la Afya Duniani nalo, katika toleo la kumi na moja la orodha yake ya magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, liliiingiza hali hii kama jambo linalotokana na ajira. Halikuiita ugonjwa. Dalili zake lilizitaja tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi moyoni au kuibeza, na kujiona kwamba hufai tena kwa kazi uliyokuwa ukiiweza. Chanzo chake, kwa mujibu wa shirika hilo, ni msongo wa muda mrefu wa mahali pa kazi ambao haukudhibitiwa ipasavyo. Haukudhibitiwa! Hapa mwanaisimu hawezi kunyamaza. Hicho ni kitenzi katika kauli ya kutendwa, na mtenda hakutajwa. Haukudhibitiwa na nani? Mwalimu wa Rongo mwenye madaftari mapajani, au aliyempangia ratiba?

Nataka sasa kuyatendea haki maji, nisije nikadhaniwa kwamba nayachukia. Sisi watu wa kusini mwa Nyanza hatuhitaji kufundishwa na hoteli fadhila za maji moto. Chini ya Mlima Homa, upande wa Karachuonyo, zipo chemchemi za maji yanayotoka ardhini yakitoa mvuke. Kwingineko nchini, Bogoria, maji huchemka na kuruka juu kando ya ziwa, na kule Olkaria karibu na Naivasha, maji yanayotoka katika visima vya umeme wa mvuke yametengenezewa kidimbwi ambamo watu huoga kwa kulipa kiingilio. Waswahili wa mwambao walikuwa na hamamu zao, neno ambalo asili yake ni Kiarabu na ambalo shina lake lina maana ya joto. Mtaa wa Hamamni katika Mji Mkongwe wa Unguja ulipata jina lake kutokana na hamamu iliyojengwa katika enzi ya Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kati ya 1870 na 1888.

Ila Unguja iko hamamu nyingine, ya zamani zaidi, ambayo kila anayepanga makongamano ya ustawi angefaa kuizuru. Iko Kidichi, kwenye mwinuko, miongoni mwa mashamba ya mikarafuu. Sayyid Said bin Sultan aliijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe aliyetoka katika ukoo wa kifalme wa Uajemi. Wageni wanaoitembelea huelezwa kwamba bwana na bibi walipumzika humo baada ya kuwinda na baada ya kusimamia kazi za mashamba. Sikiliza vizuri: baada ya kusimamia. Waliozifanya kazi zenyewe, waliopanda mikarafuu na kuipandia kuichuma, walikuwa watumwa, na hamamu haikujengwa kwa ajili yao. Basi tunapotazama bafu lolote la mapumziko, swali la kwanza lisiwe maji yana joto kiasi gani. Liwe: nani anaoga, na nani yuko shambani?

Wako watu waliolijibu swali hilo kwa namna ya heshima zaidi. Nchini Ujerumani na Austria kuna desturi ya miaka mingi ya kuwapeleka wafanyakazi katika miji yenye chemchemi za tiba. Huko huandikiwa na daktari, hukaa aghalabu majuma matatu, na gharama kubwa hubebwa na mifuko ya bima ya jamii ambayo wafanyakazi na waajiri huichangia. Sheria ya likizo ya Ujerumani inasema kwamba siku za tiba iliyoidhinishwa namna hiyo haziwezi kukatwa katika likizo ya mwaka ya mfanyakazi. Linganisha na kongamano letu. Lilikuwa la siku tatu, na mbili kati yake zilikuwa Jumamosi na Jumapili, siku ambazo zilikuwa zetu tangu hapo. Tulipumzishwa kwa mapumziko yetu wenyewe.

Hata hivyo, hata majuma matatu yana mpaka wake. Mwaka uleule wa 1997 watafiti wawili wa Israeli, Mina Westman na Dov Eden, walichapisha uchunguzi wao kuhusu makarani waliokwenda likizo kwa pamoja. Waliwapima kabla ya likizo, wakati wa likizo na baada yake. Uchovu ulipungua walipokuwa likizoni. Siku tatu baada ya kurejea kazini ulikuwa umeanza kupanda. Majuma matatu baadaye ulikuwa umerudi palepale ulipokuwa mwanzo. Nilipousoma uchunguzi huo nilizikumbuka karatasi zangu 412 na ile Jumatano yangu. Mafuta hayakupotea bure. Yalikwenda zinakokwenda nafuu zote ambazo chanzo cha maumivu hakikuguswa.

Na chanzo chetu tunakijua. Tangu mwaka 2018 serikali ilipotangaza kwamba kila mtoto anayemaliza shule ya msingi sharti aingie sekondari, madarasa yalifurika. Lengo lilikuwa jema na mimi naliunga mkono. Watoto wa wakata miwa wa Awendo na wavuvi wa Karungu wana haki sawa na watoto wa Nairobi. Lakini walimu hawakuongezeka kwa kasi ya madawati. Mwaka 2023 sekondari msingi zikaanzishwa ndani ya shule za msingi, na maelfu ya vijana waliohitimu ualimu wakaajiriwa kama wanagenzi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Kijana wa aina hiyo alitoka nyumbani akiwa mwalimu, akalipwa kama mwanafunzi, na akatwikwa mzigo wa watu watatu. Shemeji yangu alikuwa mmoja wao.

Mapema mwaka 2025 wanagenzi wapatao 46,000 walipewa ajira ya kudumu, naye akiwemo. Nilimuuliza usiku ule kama jambo hilo lilimpunguzia uchovu. Alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba siku aliposoma barua ya ajira alilala usingizi wa saa tisa mfululizo, usingizi ambao hakuwa ameupata kwa miaka miwili. Angalieni: hakukandwa na mtu, hakuoga mvuke. Karatasi moja iliyotiwa saini ilimpa usingizi. Halafu akaongeza kwamba usingizi ule haukudumu, kwa kuwa mshahara umebadilika lakini vipindi ni vilevile, na walimu bado ni wawili. Katika maneno yake nikayaona mambo mawili kati ya yale sita ya Maslach na Leiter: moja limerekebishwa, moja limeachwa.

Sisi wa vyuo vikuu tuna yetu. Mgomo wa wahadhiri wa mwaka 2025 ulidumu siku 49, na chimbuko lake lilikuwa malimbikizo ya malipo ya mkataba ambao muda wake ulikuwa umekwisha mwaka 2021. Ulipomalizika, muhula ulikamuliwa kama chungwa ili fidia ya siku zile ipatikane. Mhadhiri akafundisha kwa wiki chache kile ambacho kingefundishwa kwa miezi, na mwanafunzi akafanya mitihani ya mambo aliyoyasikia jana. Nanyi wanafunzi msidhani nimewasahau. Kijana anayengojea mkopo wa masomo ambao haujafika, anayelala njaa na kuamkia mtihani, naye huambiwa na mshauri nasaha kwamba ana msongo na ajifunze kupumua. Ni vyema apumue. Ni vyema zaidi mkopo ufike.

Najua pingamizi litakalotolewa. Wapo watakaosema: je, tungoje hadi serikali iajiri walimu wote ndipo tupumzike? Mtu anayezama haulizi mto ulitoka wapi. Hushika lililo karibu. Pingamizi hili lina uzito, na sitalipuuza. Mwenzangu mmoja aliyekuwa kongamanoni aliniambia kwamba ile ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minne kulala bila kuamka usiku wa manane akifikiria madeni. Ni nani mimi nimwambie kwamba usiku ule haukuwa na thamani? Ulikuwa nayo. Mwili una haki zake, na anayeudharau hatapata nguvu hata za kudai hizo haki nyingine.

Shaka yangu iko kwingine. Jambo dogo jema linapowekwa mahali pa jambo kubwa la wajibu, huwa kizuizi chake. Mwajiri aliyekwisha kukupeleka spa ana jibu tayari siku utakapolalamika: tumekufanyia. Nawe mwenyewe, ukiona kwamba wiki moja baada ya mvuke umerudi ulivyokuwa, utaanza kujilaumu. Utasema, labda sikupumua vizuri. Labda mimi ni dhaifu. Hapo ndipo sarufi inapogeuka kuwa hatari, kwa maana mtu aliyechoshwa amesadikishwa kwamba amechoka tu, na sasa anaona haya.

Wala hatuombi mbingu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi kwa malipo kamili, na angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huohuo inamtwika mwajiri jukumu la usalama, afya na ustawi wa watu wake mahali pa kazi. Ustawi huo umo katika sheria; si zawadi ya hoteli. Kabla ya kukodi bafu la mvuke, mkuu wa shule au wa chuo na ajiulize maswali machache yasiyo na gharama kubwa. Je, walimu wangu wanaichukua likizo yao, au wanaitumia kusahihisha? Je, mikutano huitwa Jumamosi? Je, ujumbe wa kazi hutumwa kwenye simu zao saa nne za usiku na kutakiwa kujibiwa kabla ya alfajiri? Je, mwalimu anashirikishwa ratiba inapopangwa, au huikuta imebandikwa ukutani? Na zile fedha za hoteli, zingetosha kuwalipa wasahihishaji wangapi? Nilipiga hesabu ya haraka ya gharama za kongamano letu, nikaona zingelipa wasaidizi wawili kwa muhula mzima. Karatasi zangu zingekuwa zimekwisha kabla ya ile Jumatano.

Nasi walimu tusijifanye watoto wa kikombe kilichovunjika. Mwaka 1997, mwaka ambao wataalamu wale walikuwa wakichapisha vitabu na tafiti zao ng'ambo, walimu wa Kenya waligoma, serikali ikakubali nyongeza kubwa ya mishahara, kisha ikasitasita kwa miaka kuitimiza. Waliokuwapo wanakumbuka. Hawakusema wamechoka. Walitaja aliyewachosha na kwa kipi. Hawakupata yote, lakini walipata zaidi ya ambaye angekaa kimya.

Siku ya mwisho ya ziara yangu nilipanda matatu hadi Homa Bay, kisha nikaendelea hadi karibu na Kendu Bay, ambako kuna Simbi Nyaima, ziwa dogo la maji ya magadi lililomo ndani ya kreta. Kila mtoto wa huko anakijua kisa chake. Wazee husimulia kwamba pale palikuwa na kijiji. Usiku mmoja wenyeji walikuwa katika karamu, wakila, wakinywa na kucheza, mara akaja bibi kizee aliyetoka safari, akaomba mahali pa kujilaza. Walimfukuza. Mama mmoja tu alimkaribisha, akampa moto na chakula. Bibi akamwambia aondoke kijijini usiku uleule. Alipokwisha kutoka, maji yakafunika kijiji na karamu yake.

Nilisimama ukingoni nikiwatazama korongo wekundu wakitembea majini. Nikawaza kwamba watu wa kijiji kile, laiti wangeulizwa, wangesema bila shaka kwamba walikuwa na mpango mzuri wa burudani. Walichokosa ni kumuuliza yule aliyesimama mlangoni ametoka wapi na amebeba nini.

Basi mwalimu mwenzangu, ukialikwa kwenye mvuke, nenda. Oga, kandwa, vuta pumzi. Lakini mhadhiri wa ustawi atakaposimama mbele yenu na kusema, "Najua nyote mmechoka," nyosha mkono kwa adabu, kama unavyowafundisha wanafunzi wako, na umsahihishe kitenzi.